Kengele ya Bijou

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani wa Mbonigaba.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa nikipanda kilima nyuma ya nyumba yangu hapa Mushaki, nimebeba bidoni ya maji ya lita kumi. Mbonigaba, jirani yangu, alikuwa akishusha ng'ombe wake kutoka malishoni. Aliposikia bidoni ikigonga goti langu, alisimama, akaegemea fimbo, akacheka.

"Papa Agronome! Maji tena kwa imbwa?"

"Kwa maua, Mbonigaba."

"Maua ya imbwa. Tantine yangu, dada ya papa, alikufa, tukamuwekea musalaba wa mbao tu. Siku nitakufa, unizike huku kwako, sawa? Nitakubwekea kila usiku."

"Bijou hakuwa akibweka."

"Njo vile! Basi mimi nitamushinda."

Akapiga mluzi, ng'ombe wakashuka, naye akawafuata. Nilimtazama hadi alipopotea nyuma ya mikalitusi. Nilikuwa nikitabasamu. Nakumbuka hilo vizuri, kwa sababu sijatabasamu tena.

Ni kweli kwamba Bijou hakuwahi kubweka. Alikuwa mbwa wa msitu. Mke wangu Victorine alizaliwa Mpofi, kule Walikale, katika ukoo wa wawindaji, na tulipooana, miaka kumi na mitatu iliyopita, alikuja kwangu na sanduku moja na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu na mkia uliojikunja, na shingoni alivaa kengele ya mbao iliyokuwa kubwa kuliko kichwa chake. Mbwa wa kule hawabweki. Mwindaji hujua walipo kwa mlio wa kengele.

Hatukupata watoto. Tulikuwa watatu, na ilitutosha.

Victorine alikufa mwezi wa tisa mwaka jana, kwa ugonjwa wa figo. Bijou aliishi miezi minane zaidi. Alilala kizingitini, macho yake njiani, hadi asubuhi moja nilipomkuta amekuwa mgumu.

Nilimtengenezea bustani. Nimesomea kilimo chuo kikuu, na mikono yangu haijui kuomboleza bila vipimo. Nilichora duara lenye nusu kipenyo cha mita tatu. Nikalizungushia vipandikizi vya muyenzi, ule mti wa uzio wenye maziwa meupe yanayochoma macho, kila kimoja sentimita ishirini kutoka kwa mwenzake, virefu hadi kifuani pangu. Vilikuwa tisini na kimoja. Upande unaotazama nyumba niliacha mlango wa sentimita themanini. Ndani nilipanda maua meupe ya arumu, aliyoyapenda Victorine, nikaweka benchi la ubao. Katikati, juu ya kaburi la Bijou, nilisimamisha nguzo na kutundika kengele yake.

Kuhusu kengele hiyo nataka kusema kweli. Niliikuta imejaa majani makavu, yaliyosokotwa na kushindiliwa hadi ndani kabisa. Victorine alikuwa akiyabadilisha kila mara yalipolegea, kwa miaka yote kumi na miwili. Sikuwahi kumuuliza sababu. Nilidhani ni kuzuia kelele nyumbani. Niliyatoa yote kwa waya, nikaiosha kengele, nikaipaka mafuta ya mawese hadi ikang'aa.

Niliisafisha. Hilo ndilo kosa langu lote.

Jumamosi hiyo nilianza kumwagilia arumu kuanzia mlangoni, kama kawaida. Sikuwa nimefika nusu ya duara ukungu uliposhuka. Ilikuwa kiangazi. Jioni za kiangazi hapa kwetu ni kavu na angavu, unaona hadi barabara ya Sake. Lakini ukungu ulishuka, mzito, kimya, na nyumba yangu ikafutika. Kisha mikalitusi. Kisha uzio.

Nilitua bidoni chini.

Ko.

Mlio mkavu, wa mti kugonga mti.

Ko... ko-ko.

Hapakuwa na upepo. Niligeuka kuitazama kengele.

Nguzo ilikuwa tupu.

Mlio ulikuwa ukitoka nje ya uzio, chini, kwenye urefu wa goti. Ulikuwa ukizunguka. Nikasikia harufu ya manyoya yaliyolowa, na nyuma yake harufu nyingine, ya moshi wa kuni mbichi, kama nguo za Victorine kila alipotoka kwao Mpofi.

Nilifanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Nilielekea mlangoni.

Mlango haukuwepo.

Nilidhani nimepotea kwa sababu ya ukungu. Nikaweka mkono juu ya uzio, nikafunga leso yangu kwenye kipandikizi kimoja, nikaanza kuzunguka nikihesabu, kila shina kwa kidole. Sikutaka kukimbia. Mtu anayehesabu bado hajachanganyikiwa. Themanini. Tisini. Tisini na kimoja.

Tisini na viwili. Tisini na vitatu. Tisini na vinne.

Kidole changu kikagusa leso.

Vile vitatu vya mwisho vilikuwa vinene na vya kale, maganda yake yamepasuka, kana kwamba vilipandwa kabla sijazaliwa. Nilijaribu kuvisukuma. Tawi likavunjika, maziwa yakaruka, tone likaingia jicho langu la kushoto. Nikapiga magoti kwa maumivu.

Ko-ko. Ko-ko-ko.

Sasa ulikuwa karibu, nyuma yangu. Niligundua kwamba kila mlio uliposogea, nami nilisogea upande mwingine, bila kuamua. Ukilia kushoto, naenda kulia. Ukilia juu, nashuka. Nilikuwa nikiendeshwa.

Simu ikalia mfukoni.

Alikuwa Mama Laetitia, mama yake Victorine. Alinipigia kila Jumamosi saa hiyo. Njia ya kutoka Walikale imefungwa kwa vita. Hakuweza kuja hata kumzika binti yake. Kwa hiyo yeye hupanda kilima chake Mpofi kutafuta mtandao, nami napanda changu.

"Mukwe wangu," alisema. "Uko salama?"

"Mama... subiri kidogo."

Ko. Ko-ko.

Sauti yake ikashuka hadi kuwa pumzi.

"Ile kengele ni ya nani?"

"Ya Bijou."

"Si ulinieleza Bijou alikufa?"

"Alikufa. Nilimzika hapa nilipo."

"Na majani? Nani alitoa majani mu kengele?"

"Ni mimi. Niliisafisha."



"Mukwe, ulirudisha imbwa ku kazi," alisema. "Kengele ikijaa majani, imbwa anajua: tulishamaliza, turudi nyumbani. Kengele ikiwa wazi, iko anafukuza nyama. Na ule imbwa iko na bwana mumoja tu. Kama anafukuza, anapelekea Victorine."

"Anampelekea nini, Mama?"

Naye akauliza:

"Pale uko, kuko wavu?"

Nilitazama uzio kwa jicho moja. Duara. Mlango mmoja. Victorine alikuwa amenieleza, usiku mwingi, jinsi wanavyowinda kwao: wavu hufungwa ukizunguka, wanaume na mbwa hufukuza, na wanawake huketi nje ya wavu na vikapu vyao, kimya kabisa, wakingoja kitakachonasa.

Wavu huo niliuchora mimi mwenyewe, kwa kamba na kigingi. Nilipima mara mbili.

"Mama," nilinong'ona. "Kuna mtu ameketi nje."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ng'ambo ya uzio. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, kikapu pembeni. Ukungu ulificha uso. Kitambaa cha kichwani nilikitambua. Ni mimi niliyekichagua, kwenye chumba cha maiti waliponiuliza avishwe nini.

"Mwanamuke?"

"Ndiyo."

"Iko na kikapu?"

"Ndiyo, Mama."

"Usiite jina yake. Hata kidogo. Ukiita, anajua fasi, pale uko."

Nikafunga mdomo kwa mkono. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kwa miezi kumi nilikuwa nikiliita kila usiku ndani ya nyumba tupu, na hakuna aliyenikataza.

Kisha Mama Laetitia akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, ndogo:

"Mukwe... alikonda?"

Nilitazama mkono uliolala juu ya kikapu. Ulikuwa mviringo, wenye afya, kama ulivyokuwa kabla ya hospitali.

"Hapana, Mama. Hakukonda."

Nikamsikia akivuta makamasi. Kisha akarudi kuwa mke wa mwindaji.

"Sikia. Imbwa atakuja kukusukuma. Usikimbie. Umushike, ujaze kengele, umwambie maneno ya kurudi. Unayajua. Na ukishajaza, usitoe tena. Hata ukilia. Umenisi—"

Laini ikakatika.

Ko-ko-ko-ko.

Ulikuwa ndani sasa. Ulikuja kwa kasi, ukikata kushoto na kulia. Miguu yangu ilitaka kukimbia upande wa kikapu, kwa kuwa ndio upande pekee usiokuwa na mlio. Nilishikilia nguzo. Nikang'oa majani chini kwa mkono mwingine, konzi nzima.

Kitu chenye joto kikagonga goti langu.

Nilikaa chini nikakikumbatia. Sikuona chochote. Lakini mikono yangu ilipata shingo, ilipata sikio la kulia lenye pengo, alilong'atwa akiwa mdogo, ikapata ukanda, ikapata mbao zenye mafuta. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa furaha. Alikuwa akifanya kazi yake vizuri.

Nilishindilia majani kwa kidole hadi yakakataa kuingia.

"Bijou," nilinong'ona, kama Victorine alivyokuwa akimwambia kila jioni mlangoni. "Tulishamaliza. Turudi nyumbani."

Kimya.

Mikono yangu ilikuwa imekumbatia hewa.

Ng'ambo ya uzio, yule mwanamke akasimama. Aligeuza kichwa kulia, kisha kushoto, polepole, kama kipofu aliyeachwa sokoni na mtu aliyekuwa akimwongoza.

"Bijou?" alisema.

Ilikuwa sauti yake.

"Bijou, uko wapi? ... Darius?"

Sikuitikia jina langu. Niliuma mkono wangu hadi nikaonja damu. Alipita karibu na uzio, nikasikia kitenge chake kikisugua majani, akanipita kwa umbali wa mkono, akateremka. Akaenda upande usio wa nyumba. Nilitaka kumwambia: si huko. Umeishi hapa miaka kumi na miwili, si huko.

Alipoondoka, mlango ulikuwa mahali pake.

Nililala bila kuvua viatu. Nilimsikia akiita hadi kama saa tatu, kila mara mbali zaidi. Mwishoni hakuita jina langu tena, la mbwa tu.

Asubuhi Mbonigaba alikuja kuniletea maziwa. Alinitazama jicho, lilikuwa limevimba.

"Muyenzi ilikukamata? Weye agronome muzima!" Kisha akasema, "Ule mama wa jana, unamujua?"

"Mama gani?"

"Aliniuliza njia mu ukungu. Uso sikuona. Sauti, kama naijua... Alisema alipoteza imbwa, na bwana yake pia. Nikamwambia: mama, imbwa njo unataja wa kwanza? Hakucheka."

"Ukamwelekeza wapi?"

"Alisema anasikilizaga kengele, na sasa kengele haiko. Nilimwambia ashuke ku barabara ya Sake, pale kuko batu. Akashuka. Alikuwa analia, Papa Agronome. Nilijuta kumuchekea."

Nilimshukuru kwa maziwa. Nikasubiri aondoke. Kisha nikachukua futi kamba, daftari na waya, nikapanda.

Anga lilikuwa safi. Kengele ilikuwa juu ya nguzo, imejaa majani niliyoyashindilia mwenyewe. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilifikiri juu ya Mama Laetitia, anayejua mambo haya kuliko mimi. Nilifikiri juu ya barabara ya Sake, malori, vumbi, na mwanamke anayesikiliza.

Nilitoa majani yote, ili asikie njia ya nyumbani. Hata yale ya ndani kabisa, kwa waya.

Kisha nikatoka nje ya uzio, nikapima mlango. Sentimita themanini, kama nilivyouacha. Niliandika kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa. Nikaingia tena, nikaketi kwenye benchi kujifuta jicho, na kwa kuwa nilikuwa bado na futi kamba mkononi, nikainuka, nikaupima mlango kwa upande wa ndani.

Sabini na nne: mlango ulikuwa umeanza kujifunga.

Sikupima mara ya tatu.