Fungu la Kalisya

Ujumbe uliingia saa nne na dakika saba asubuhi. Maneno matatu.

Fundi amefunga duka.

Kaswera aliusoma mara moja, akaufuta, akakanyaga gia ya pikipiki yake ya TVS. Katika lugha ya idara ya ujasusi maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: Mathe ameuawa.

Nyuma yake Land Cruiser nyeupe isiyo na namba ilikuwa inamfuata tangu katikati ya Butembo. Alikata kushoto sokoni, akapita kati ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao, zilizobeba viazi vya Kipese, akasikia breki zikilia na wauza viazi wakitukana kwa Kinande. Chukudu haziondoki njiani kwa ajili ya gari. Kwa pikipiki inayojulikana, huenda zikaondoka.

Alikuwa amepata dakika chache. Basi.

Mathe hakuwa mwanajeshi. Alikuwa fundi wa michezo ya video, kijana wa Butembo aliyeunda mchezo wa kwanza kutoka hadithi za Wanande: mwindaji mmoja, mkuki mmoja, pori lililojaa viumbe ambavyo mabibi walivitumia kuwalaza watoto. Mgeni mmoja, Halder, alimletea mashine nzuri. Kisha Halder akaanza kuficha ndani ya mchezo ramani kwa ajili ya madereva wake: silaha zichukuliwe wapi, kizuizi gani kipitwe saa ngapi. Mathe aligundua, akaja idarani mwenyewe kwa miguu yake.

Siku tatu zilizopita alikuwa amemwambia Kaswera kwamba lori moja litatoka Beni wiki hii, kakao juu, bunduki chini. Namba yake angeipata. Na kama wangemshika kabla hajaisema, aitafute ndani ya mchezo.

"Kama koko yako alikufundisha kuingia mu pori," alisema, akimaanisha babu, "utaiona."

Simu ya setilaiti, Thuraya, ilitetemeka kifuani. Alikuwa kanali Ilunga, mtu wa Kasai aliyetumwa Beni miaka minne iliyopita na bado anavaa koti kama nyumbani kwao kuna baridi.

"Nyuki, huyu Mulima," alisema kwa majina yao ya siri. "Camions makumi mbili na tisa, malori yote ya kakao, iko parking ya Beni. Saa sita zinatoka. Nipe numéro."

"Sina bado, mon colonel."

"Basi nifungue yote."

"Hapana. Mara ya mwisho tulifungua yote, na mutu wa bureau yako, mule mu ofisi, akapigia batu ba Halder simu. Bunduki zikapita njia ingine."

Wote wawili walikumbuka kijiji kilichokuwa kwenye njia hiyo nyingine. Lori likipita leo, kitakuwepo kijiji kingine.

Mathe alikuwa ametuma toleo lake la mwisho katika kumbi tano za michezo mjini. Watu wa Halder walikuwa wamefuta mashine nne asubuhi hiyo. Ya tano ilinusurika kwa sababu mwenye ukumbi alifunga mlango akaenda misa ya mazishi.

Huyo alikuwa mama Kahongya. Umri wa miaka hamsini na mbili, kitenge cha chama cha mama Wakatoliki, na mchezaji hatari kuliko wote Butembo. Kaswera alimkuta akiunganisha betri ya sola. Alimweleza kwa sentensi mbili. Mama hakuuliza ya tatu. Alimwekea manette, kidhibiti cha mchezo, mkononi.

Kaswera alicheza kama alivyofunzwa kambini. Aliingia porini mbio, mkuki mbele.

Chui alimuua.

Akaingia tena. Alimshinda chui, akafika mtoni, na Endyoka, nyoka wa maji mwenye rangi za upinde wa mvua, akamkunja akamzamisha. Manette ilitetemeka viganjani kama kitu kinachokata roho. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

"Weye unapiga sana, hauangalie," alisema mama Kahongya. "Unacheza sawa soda, sawa mwanajeshi."

"Niko soda, mama."

"Ndiyo sababu unakufa. Sikia. Muchezo mubaya unakuua bure. Ya Mathe inakuua na kosa yako, na unajua ni kosa gani. Ule nyoka, mbele ya kupiga, anafunga macho. Kila mara. Ni pale unaruka. Ukiruka mapema, umekufa. Ukichelewa, umekufa. Mie nikisikia ile woga, hata chakula yangu kwa moto inaungua."

Kaswera alielewa. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yamepanda kuliko alipokuwa anakimbia Land Cruiser. Katika skrini alijua sheria, na kila kifo kilimrudisha pembezoni mwa pori na akili zaidi kidogo. Mathe alikuwa ameunda ulimwengu ambamo mtu akifa anapata kujua kwa nini. Kisha akafa katika huu.

Saa yake ya Casio ilisoma saa sita kasoro kumi.

Ndipo alipomwona. Mwanzoni kabisa, kabla ya miti, palikuwa na kibanda kidogo cha majani, na mbele yake mzee mwenye mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja, akivuta kiko.

"Huyu nani?"

"Amekuja na toleo mupya. Batu banamupiga, hasikie kitu. Bote banamupita tu."

Kaswera alimtambua. Babu yake alikuwa mwindaji kule Kipese. Kabla ya kuachia mbwa aliinama penye kibanda kama hicho na kuweka tumbaku na kipande cha nyama, fungu la Kalisya, mchungaji wa wanyama wa pori. Hakuna aliyeingia bila kumpa. Kisha wajukuu wakabatizwa, wakasoma, wakaanza kumpita.

Mwindaji wa Mathe alikuwa na kipande kimoja cha nyama mfukoni. Ndicho kilichorudisha uhai ukijeruhiwa. Wachezaji wote walikitunza kwa ajili ya Endyoka.

"Ukimupa," alisema mama Kahongya polepole, "kule mutoni nyoka akikugusa mara moja, umekwisha."

Kaswera aliweka nyama chini.

Mzee alitoa kiko mdomoni. "Wasingya," alisema, asante ya Kinande. Sauti ilikuwa ya Mathe.

Chui hakutokea. Pori lilimwachia njia hadi mtoni. Endyoka aliinuka, akafumba macho. Kaswera aliruka, akachoma. Kutoka kwenye miti nyati mmoja akatoka mbio na kumgonga nyoka, na ubavuni mwa nyati ilikuwa imechomwa alama: 7.

Akaruka tena. Nyati wa pili. 0.

Jasho lilimwingia machoni. Hakuthubutu kulifuta. Nyati wa tatu. 3.

Mlango ukafunguliwa.

"Weka manette chini." Mwanamume wa Land Cruiser. Bastola ilimgusa Kaswera kisogoni.

Mchezo wa Mathe hauna kitufe cha kusimamisha.

"Kidogo," alisema Kaswera.

Endyoka alifumba macho. Wakati huohuo mama Kahongya aliinua thermos na kumwaga chai ya moto yote shingoni mwa yule mtu. Kaswera aliruka kwa kidole gumba cha kulia, akachomoa bastola yake ya Glock kwa mkono wa kushoto, akafyatua chini ya kiti. Mwanamume akaanguka ameshika goti.

Nyati wa nne. 8.

"Mulima, huyu Nyuki. Saba, sufuri, tatu, munane."

"Imetoka," alijibu Ilunga. "Ni ya kwanza. Fuso ya buluu."

"Usiambie bureau. Kuja weye mwenyewe na batu mbili. Nitaisimamisha Kabasha."

Mama Kahongya alikwisha kumfunga yule mwanamume kwa waya za sola. Alimtia Kaswera mfukoni nyama ya kukaanga ndani ya karatasi, ale njiani, akarudi kuokota kikombe.

Kwenye kona za Kabasha, kati ya Beni na Butembo, malori hupanda kwa gia ya kwanza. Kaswera alilala nyuma ya magogo ya mikaratusi, akasubiri Fuso igeuze ubavu, akapiga tairi mbili. Lori likaegemea ukuta wa mlima kama mzee aliyechoka. Dereva alikimbilia bondeni.

Nyuma yake Prado nyeusi ilisimama. Pickup ya Ilunga ikaifungia.

Askari walishusha magunia. Harufu ya kakao, kisha ya mafuta ya bunduki. Masanduku arobaini.

Halder alishuka bila haraka, kana kwamba amefika mkutanoni. Alikuwa amekaa Beni miaka ya kutosha kujua Kiswahili.

"Watu wangu walicheza siku mbili nzima," alisema. "Walimaliza mchezo wote. Namba aliiweka wapi?"

"Mulangoni. Mulimupita kila mara."

"Na Mathe alijua ninyi hamtampita?"

Mathe alikuwa amebahatisha. Angeweza kupata mjukuu mwingine, aliyesahau zaidi.

Ilunga alimvuta kando. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alisema Halder atapelekwa Kinshasa na ndege ya jioni, na kwamba mtu fulani huko tayari amepiga simu kuuliza kama mgeni amekula.

"Wiki ijayo atakuwa kwao," alisema.

"Najua, chef."

"Na camion ingine itatoka."

"Najua."

Ilunga alifunga koti lake na kurudi kwenye masanduku.

Kaswera alitoa karatasi ya mama Kahongya. Nyama ilikuwa bado ya uvuguvugu. Palipokuwa pori la wawindaji sasa palikuwa na mikaratusi ya kuni, mistari minyoofu, bila mnyama hata mmoja wa kuchungwa.

Aliiweka nyama juu ya kisiki. Yote, wala hakuonja.

Kisha akavaa kofia, akawasha TVS, akashuka kuelekea Beni kumtafuta yule mtu wa bureau aliyewapigia simu.