Tiyo Inayopita Ndani ya Mfereji

Kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu ulioshikilia mlima, maji ya robine hayaji kila siku. Yanakuja Jumanne na Ijumaa, kwa saa yanayoitaka yenyewe. Kwa hiyo watu wa pale wana desturi moja. Maji yakikatika, hawafungi robine, ile koki ya bomba. Wanaiacha wazi, wanaweka beseni chini yake, halafu wanaendelea na kazi zao. Maji yakirudi, beseni linalia, na mtu anaacha ugali jikoni na kukimbilia bidon, madumu yake ya maji.

Nsimire alikuwa mwepesi kuliko majirani wote. Hata tone moja halikumpita.

Yeye na mume wake Gentil walipanga vyumba viwili katika ua wa Maman Madeleine. Mama huyo alikuwa mjane, na ndiye mwenye nyumba. Alikaa juu, karibu na barabara. Wao walikaa chini kabisa. Tiyo, bomba la maji, ilianzia kwake, ikateremka mpaka kwao. Njiani ililala ndani ya mfereji, ule unaoshusha maji ya kuogea na ya kufulia. Mvua ikinyesha, ulishusha hata ya choo.

Katika mfereji huo tiyo ilitoboka. Gentil, ambaye ni fundi wa pikipiki, alikata kipande cha mpira wa gurudumu akaifunga. Ikavuja kidogo. Akafunga tena.

"Tumwambie Maman Madeleine," Nsimire alisema.

"Unataka atufukuze? Locataire aliyepanga hapa mbele yetu alisemasema habari ya bati inavuja. Leo yeye iko wapi?" Gentil akapangusa mikono. "Na tena, mayi ikikatika, tiyo haivuji. Inavuja siku mbili tu kwa juma."

Nsimire akaendelea kufua. Maneno hayo yalionekana kuwa sawa.

Kisichokuwa sawa kilikuwa tumbo la Fanny, binti yao wa miezi kumi na sita. Aliharisha mara ya kwanza karibu na Pasaka. Akapona. Akaharisha tena. Mara ya tatu, Nsimire alimfunga mgongoni asubuhi ya Jumatano, akapanda naye mpaka kituo cha afya. Mtoto hakulia njiani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi mama yake.

Muuguzi alimweka Fanny kwenye mizani. Akatazama kadi.

"Mwezi uliopita alikuwa kilo nane na nusu. Leo ni nane."

Akampa pakiti za dawa ya kukoroga na maji safi, na vidonge vya zinki. Halafu akamshika Nsimire mkono.

"Mama Fanny, dawa nimekupa. Lakini kama kile kinamuumiza kinabaki ku nyumba, utarudi hapa tena. Na siku moja utachelewa. Angalia mayi anakunywa inatoka wapi."

Nsimire alishuka mlima na maneno hayo masikioni. Hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja kwa Papa Isidore, jirani yao, fundi wa maji wa miaka mingi. Alimkuta mlangoni pake akikata tiyo kwa msumeno.

"Papa Isidore, kuya uangalie robine yangu."

Mzee alikuja. Alikuta robine iko wazi, na chini yake beseni lenye maji kidogo. Akainama.

"Mayi imekatika tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Na hii mayi ya mu beseni?"

"Ni ile inabakiaka mu tiyo. Inashuka polepole."

"Tangu jana umekusanya beseni ngapi?"

"Moja ilijaa, nikaitumia. Hii ni ya pili."

Papa Isidore akaonyesha tiyo kwa kidole, kutoka juu mpaka chini. "Tiyo hii yote, ukiikamua, haijazi hata nusu ya beseni. Sasa niambie, ile ingine ilitoka wapi?"

Nsimire alifuata kidole chake. Macho yake yakapanda kidogo kidogo, yakafika kwenye mfereji, kwenye ule mpira mweusi. Akalichukua beseni, akamwaga maji yote.

"Sikia," alisema Papa Isidore. "Tiyo yenye tundu, mayi ikiwa na nguvu, inatema. Nguvu ikiisha, na robine ya chini iko wazi, inakunywa. Inakunywa kile kinaizunguka."

"Lakini Gentil aliifunga na mpira."

"Mpira ya pikipiki? Ile haiwezi hata kushika upepo. Muulize bwana yako anaziba ngapi kwa siku."

Nsimire hakucheka. Alienda kufunga robine, akaikaza kwa mikono miwili.

"Vizuri," alisema mzee. "Mayi ikikatika, funga. Ikirudi, mwaga ile ya kwanza. Ya kunywa, ichemshe mpaka iruke vizuri. Lakini hiyo ni kukusaidia tu siku hizi. Tiyo lazima itoke mu mufereji. Na ile ni kazi ya bailleur, mwenye nyumba. Kampira ka robine kakiisha, unabadilisha weye. Tiyo ikioza, ni yake. Mwandikie barua."

"Barua kwa Maman Madeleine? Ataona nimemushitaki ku tribunal."

"Maneno ya mdomo yanasahaulika, na pande zote mbili. Andika barua mbili, sawasawa. Moja yake, moja yako. Weka tarehe. Sema ubaya iko wapi, bila tusi. Muombe asaini kama ameipokea. Na usitume mutu. Peleka mwenyewe."

Gentil aliporudi kazini, Nsimire alimweleza yote. Mume alitazama mikono yake, ile iliyofunga mpira.

"Na akitufukuza?"

"Hawezi kutufukuza kesho. Lazima atupe préavis, taarifa ya kuandikwa mbele ya wakati. Na akitufukuza, Gentil, tutapata nyumba ingine. Fanny tutamupata wapi?"

Gentil alichukua simu, akateremka ndani ya mfereji, akaipiga tiyo picha mara tatu.

Ijumaa, maji yalipokuja, Nsimire alipanda kwa Maman Madeleine na barua zake mbili. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Alipoona karatasi, mikono yake ikasimama.

"Barua. Wakati ulizaa, nani alikuletea supu?"

"Ni weye, Mama."

"Na leo unaniandikia kama avocat wa tribunal."

"Mama, nikikuja na mdomo tu, utanipa kiti, utanipa chai, tutacheka, na nitashuka bila kusema kitu. Nimefanya hivyo mara mbili. Ndiyo maana leo nimeandika."

Maman Madeleine alisoma polepole. "Mayi hiyo nakunywa miye pia. Unaona niko mugonjwa?"

"Robine yako iko juu ya tundu, Mama. Yetu iko chini yake. Shuka uone."

Alishuka, akilalamika kila ngazi. Papa Isidore alikuwa akiwangojea kando ya mfereji, kama alivyopatana na Nsimire, na kifuko cha bleu, unga wa buluu wa kufulia, mkononi. Alijaza kwanza glasi ya maji ya robine ya Nsimire. Yalikuwa meupe. Kisha akamwaga bleu yote mferejini, pale penye tundu, akapanda kufunga maji juu.

"Sasa ni kama siku ya kukatika," alisema aliporudi. "Mama Fanny, fungua robine."

Maji yalitoka. Yakapungua, yakawa uzi. Kwa muda yalibaki meupe, na Maman Madeleine akaanza kutabasamu. Halafu uzi ule ukabadilika rangi. Ukawa bleu kidogo, kisha bleu kabisa, kama sketi ya mwanafunzi.

Papa Isidore aliweka ile glasi ya kwanza kando ya uzi ule. Maman Madeleine aligeuka akautazama mfereji, akaufuata kwa macho mpaka juu. Bafu ya kwanza kwenye mfereji ule ilikuwa yake.

"Nipe kalamu," alisema.

Alisaini barua zote mbili. "Nitatengeneza. Lakini si leo."

"Tarehe gani, Mama? Tuandike hapo chini."

Maman Madeleine alihesabu siku kwa vidole. "Jumamosi ya kesho ni mbio sana. Ile ingine. Na mpaka siku hiyo, mutoto hakunywi mayi ya hapa. Mutachota kwangu."

"Tutachota kwako, na bado nitachemsha."

"Chemsha, bibi. Chemsha hata mara mbili."

Jumamosi iliyoandikwa, Maman Madeleine mwenyewe alikuja na tiyo mpya begani kwa mbebaji. Papa Isidore aliipitisha juu ya ardhi, upande wa pili wa nyumba, ikashikwa ukutani kwa vyuma, mbali na mfereji. Gentil alichimba, akabeba mawe, akaing'oa ile ya zamani na mpira wake. Walipofungua maji, mzee alipapasa kila kiungio kwa kiganja. Pote pakavu.

Miezi miwili baadaye Fanny alipanda tena mizani. Safari hii alipiga teke na kupiga kelele mpaka muuguzi akaziba sikio moja.

"Kilo tisa na grama mia tatu. Dawa gani ulimupa?"

"Tulihamisha tiyo."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akamwomba Nsimire awaelezee wamama waliokaa kwenye benchi, kila mmoja na mtoto wake. Nsimire aliona haya kidogo. Kisha akamkaza Fanny mgongoni, akasimama mbele yao.

"Wamama, nina swali moja. Ku kwenu, tiyo ya mayi inapitaka wapi?"

Walitazamana. Mmoja aliinua chupa ya maji ya mtoto wake, akaichungulia. Mwanamke wa mwisho wa benchi alianza kufunga kitenge chake upesi upesi.

"Unaenda wapi, mama?" muuguzi akamuuliza. "Zamu yako imefika."

"Nitarudi," alisema. "Naenda kuangalia."