Nilisema Amina Mbele ya Kanisa, Miti ya Mwanangu Ikakatwa

Nina miaka arobaini na mitatu, ni mke wa mzee wa kanisa na mama wa watoto watatu. Naishi kijijini huku Mufindi, si mbali na Mgololo. Kwetu mambo ya ndani ya nyumba hayatolewi nje, na mimi nililelewa hivyo. Lakini haya yangu yalishatoka zamani, ndugu zangu... tena kwa kipaza sauti!

Niseme mapema kwamba mume wangu si mtu mbaya. Hanywi hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Wenzangu ambao waume zao hulala mlangoni kwa pombe walikuwa wakinionea wivu, na mimi nilijiona mwanamke mwenye bahati.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu... kutoa mbele za watu.

Nyumbani ukimwomba hela ya daftari anakuna kichwa mpaka unamhurumia. Lakini kanisani akisikia mtu anauliza nani yuko tayari kusimama na Bwana, yeye anakuwa wa kwanza kusimama! Aliwahi kutoa hela ya mbolea. Aliwahi kutoa mbuzi ambaye tulikuwa tumeshamchukulia malipo ya awali kwa jirani. Nikilalamika, ananiambia nina imani haba, kwamba anayetoa hurudishiwa.

Kweli tulikuwa tunarudishiwa. Aliyekuwa anarudisha ni mimi, kwa viazi na maharage niliyouza gulioni.

Huku kwetu asiye na akaunti benki ana miti. Mtoto wangu wa kwanza, Esta, alipoanza darasa la kwanza, nilimwomba mume wangu kipande cha mlima kwenye ardhi ya ukoo wao nipande misindano. Alikubali kwa moyo mweupe. Nilinunua miche, nikaipanda mimi na Esta, yeye akibeba michache kwenye beseni kichwani kwa sababu shingo yake ilikuwa bado ndogo. Baba yake alikuja siku hiyo, akavua kofia, akaliombea shamba lile kwa sauti. Alisema mbele yetu kwamba hiyo ndiyo ada ya Esta.

Tukaitunza. Tulipalilia, tulipogolea, na kila kiangazi tulilima njia ya moto kuzunguka shamba lote ili moto wa majirani usituingilie. Esta alikua na miti yake. Alitaka kuwa muuguzi, na hakuwahi kubadilisha hata siku moja.

Msindano unahitaji uvumilivu. Ukiuacha ukomae unapata mbao, na mbao zina hela. Ukiukata ungali mchanga unapata mirunda ya kujengea tu, na mnunuzi anakupa bei anayotaka yeye. Mume wangu alilijua hilo kuliko mimi, maana amezaliwa kwenye miti!

Esta alikuwa kidato cha tatu kanisa letu lilipofanya harambee ya kuezeka. Waliita mgeni rasmi kutoka mjini, kwaya tatu zikaimba, na mshereheshaji akawa anawachokoza watu kwa maneno matamu. Mwenye duka mmoja wa pale kijijini akaahidi bati za mlangoni. Watu wakashangilia... Nikamwona mume wangu anatingisha goti, nikajua limekuja.

Akasimama. Akanishika mkono, akanivuta hadi mbele. Akasema yeye na mke wake wataezeka upande mzima wa kanisa!

Vigelegele! Akina mama wakaja na khanga zao wakawa wananipepea. Kiti changu kilikuwa mbali, nyuma kule. Mshereheshaji akanisogezea kipaza sauti mdomoni, akasema, "Mama Esta, sema Amina, Bwana akusikie!"

Nawauliza ninyi mnaosoma, mngesema nini? Mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe, mbele ya mgeni rasmi, mkono wako umeshikwa na mume wako, ungesema hapana?

Nilisema Amina. Neno moja tu, tena kwa sauti ya chini.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza atatoa wapi hela hiyo. Akaniambia Mungu atafungua mlango. Wiki zikapita, mlango haukufunguka, na kamati ya ujenzi ikaanza kuuliza. Ndipo akaniambia, bila hata kunitazama, kwamba amepata mnunuzi wa miti.

Nilipiga magoti, wapendwa. Nilimpigia magoti mwanamume aliyenioa, nikamkumbusha sala yake ya siku ile shambani. Akalia. Nasema kweli, alilia kabisa! Lakini akasema nadhiri ni nadhiri, na kwamba ataonekana vipi mbele ya wazee wenzake.

Kwetu mauzo ya miti yanapitia ofisi ya kijiji, kwa hiyo kesho yake nikamwahi mwenyekiti. Nilikuwa na matumaini. Nilimwambia kwamba mimi kama mke sikuridhia, na kwamba miti ile ni ada ya mtoto. Alinisalimia kwa kikwetu, "Kamwene, mama," akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole sana.

Akasema, "Mnyalukolo, ndugu yangu, mimi nakuonea huruma. Lakini siku ile nilikuwepo. Ulisimama mwenyewe, ukasema Amina, kanisa zima likasikia. Hata mimi nilikupigia makofi. Leo niandike kwamba mke hajaridhia, nani atanielewa?"

Nilitoka pale, nikakaa kwenye jiwe nje ya ofisi mpaka nikaona aibu watu wanavyoniangalia.

Watu wa mnunuzi wakaja na misumeno ya mashine. Miti niliyoilea miaka yote ile, ikalala chini kabla jua halijawa kali. Esta aliporudi kutoka shule aliukuta mlima uko wazi. Alichukua panga, akaanza kukusanya matawi ya kuni. Nilitamani alie ili na mimi nipate pa kumshika, lakini hakulia.

Hela ya mirunda ilitosha bati, ikaishia hapo. Jina la mume wangu likatangazwa, akavalishwa taji la maua.

Mwaka uliofuata Esta alifaulu kidato cha nne. Akapata nafasi chuo cha uuguzi Mbeya, na kijiji kizima kikatupongeza! Mume wangu akafunga na kuomba. Alipoona siku zinakwisha, akaenda Igawa, kwenye barabara ya Mbeya, kubeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga ili atafute ada. Nilimsifu kwa hilo. Nikasema sasa huyu amejifunza.

Alituma kidogo, mara mbili. Kisha kimya... Mwanamke mmoja wa kwetu anayefuata mchele huko akaja kunisalimia, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba Baba Esta anapendwa sana Igawa. Juzi ameahidi saruji ya kanisa jipya!

Nilicheka. Nilicheka mpaka yule mama akaogopa, halafu nikalia.

Nikauza kila kilichouzika, nikampeleka mwanangu Mbeya na nusu ya ada. Mhasibu wa chuo alikuwa dada mpole, alituita mama na mdogo wangu, akatupa viti. Alieleza kwamba bila kiasi kinachotakiwa hawezi kumsajili, na kwamba kuna wengine wanaisubiri nafasi hiyo. Akatupa siku chache. Nilipiga simu kwa kila ndugu niliyemkumbuka, na kila ndugu alikuwa na shida yake. Siku zikaisha. Nafasi ikaenda kwa mtoto wa mtu mwingine.

Wakati wa kurudi nilimpigia mume wangu nikamwambia tunapita. Basi liliposimama Igawa alikuja, vumbi la pumba limemjaa kichwani, akasimama chini ya dirisha letu katikati ya wauza mahindi. Alikuwa anatokwa machozi. Akasema Bwana atafanya njia.

Esta akafunga kioo.

Mchungaji alikuja nyumbani aliposikia. Ni mtu mwema, simlaumu. Alisema laiti angejua kwamba ile miti ni ada ya mtoto asingepokea hata bati moja. Akasema fungu la kumi linajulikana, linatoka kwenye kile ulichopata, na kinachobaki pia ni mali ya Mungu ambayo umepewa uitunze kwa akili. Akasema chakula cha watoto na ada yao navyo ni utumishi. Maneno mazuri kiasi hicho, kwa nini hayakusemwa kabla mshereheshaji hajashika kipaza sauti? Nilimuuliza kama kanisa linaweza kutusaidia. Akainamisha kichwa. Hela yote ilikuwa imeshapanda juu ya paa.

Mume wangu amerudi. Tunaishi. Siku hizi ahadi zake amezipunguza, sijui ni kwa kujifunza au ni kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuahidi.

Esta anachuma chai kwenye mashamba ya huku. Anaondoka na kapu lake asubuhi ukungu haujatoka, anarudi vidole vimekuwa vyeusi. Hela yake ananipa mimi, baba yake hampi hata senti. Kanisani haendi tena. Nilipombembeleza aniambie sababu, alinijibu kwa adabu zote, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mama, ada yangu ameila Mungu. Niende kumwambia nini?"

Nilimwambia si Mungu. Nilimwambia ni baba yako, ni mimi, ni makofi ya watu. Akatingisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Jamani, toeni! Sisemi msitoe. Lakini kaeni kwanza nyumbani, mke na mume, mtenge la Mungu, la chakula, la ada na la mbegu. Mkishapatana ndipo mwende mkaahidi kile mlichonacho. Na wewe mama mwenzangu, ukisogezewa kipaza sauti kwa jambo ambalo hamkulizungumza, nyamaza. Aibu ya siku moja inavumilika.

Ada ningeweza kuitafuta tena, hata kwa miaka. Lakini kila Jumapili napita kwenye chumba cha binti yangu nikiwa nimevaa, nagonga, namwomba twende wote. Ananijibu akiwa ndani, "Nenda tu, Mama. Ukifika uniombee."

Nafika, napiga magoti chini ya zile bati, na kila nikianza kutaja jina lake, maneno yananiishia.