Shimo la Tofali Nyuma ya Nyumba ya Sylvester

Sylvester wa Lipangalala hakuwa na baiskeli. Hakuwa na shamba la urithi. Alikodi jaruba la mpunga kila msimu. Nyumba yake haikuwa na mlango, ilining'inizwa turubai. Na tangu mkewe Agnella ahamie shambani kuandaa jaruba, naye akabaki kumalizia nyumba, hakuwa na mtu wa kumwambia "hapana".

Lakini alikuwa na Balbina, binti yake wa miaka sita, na mtoto yule peke yake alitosha kuuchangamsha mtaa. Asubuhi alikimbizana na bata, mchana alipanda mpera, jioni aliuliza maswali.

"Baba, chura akilala hufumba macho?"

"Kamwulize mwenyewe, swala wangu," Sylvester alijibu, akicheka mpaka chai ikamwagika.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo. Ndugu zangu wa Ifakara, shimo hilo mnalijua, maana wengi wetu tunalo. Tunachimba udongo uani, tunafyatua tofali, tunachoma tanuri, tunapandisha ukuta. Shimo tunaliacha, tukisema tutalifukia nyumba ikiisha. Nani kati yetu nyumba yake imewahi kuisha?

Mwisho wa kiangazi Sylvester alimfundisha Balbina kuruka pembe nyembamba ya shimo lile. Alisimama ng'ambo, mikono wazi. Mtoto aliruka, akadakwa, akarushwa juu. Majirani walipiga makofi. Domitila, mama yake Beatus, aliyekuwa akitwanga mpunga upande wa pili wa uzio, hakupiga.

"Baba Balbina, mvua zinakaribia. Fukia hilo shimo."

"Mama Beatus, wewe hata kivuli cha jogoo unakiogopa."

"Jogoo hamezi mtoto," alisema Domitila, akaendelea kutwanga.

Mvua zikaja. Shimo lilijaa maji, na magugu ya kijani yakatanda juu yake hata ungedhani ni bustani ya mchicha. Chini ya magugu kingo zilimeguka kidogo kidogo, na ile pembe nyembamba haikuwa nyembamba tena. Vyura waliimba humo kutwa. Balbina aliwasikia.

Jumamosi moja Sylvester alikuwa mbele ya nyumba akishona turubai. Alisikia nyayo za mtoto zikikimbia kuelekea uani, akatabasamu. Kisha hakusikia kitu.

"Balbina?"

Mtoto yule hakuwahi kunyamaza alipoitwa. Sylvester alitazama juu ya mpera. Alitazama barabarani, bodaboda zinapopita kwa kasi. Aliita tena, na safari hii sauti ilimtoka nyembamba. Wazazi mnaijua sauti hiyo.

"Baba Balbina, huku! Uani!"

Alimkuta Domitila amelala kifudifudi kwenye matope, amenyoosha mchi wake juu ya maji. Ncha ya mchi ilishikwa na vidole vidogo. Sylvester aliingia majini mpaka kifuani, akamtoa mtoto. Balbina alitapika maji, akatetemeka, akivuta pumzi kwa mlio. Njia nzima ya kwenda hospitali, juu ya bodaboda, baba alimwekea sikio mgongoni asikie kama bado anapumua.

Jioni mtoto alifumbua macho.

"Baba, niliruka kama ulivyonifundisha," alisema. "Ila hukuwepo ng'ambo."



FUNZO

Wazazi wenzangu, kumfurahia mtoto siyo kumlinda. Mtoto mwepesi wa miguu anahitaji mzazi mwepesi zaidi wa macho. Mchezo tunaompigia makofi leo, kesho ataurudia tusipokuwepo. Na shimo lililokupa nyumba lisikunyang'anye yule uliyemjengea. Lifukie kabla ya mvua.

Balbina alipopona, Sylvester alilifukia lake, kisha akaja kwangu, mimi jirani yake, kuomba karatasi na bahasha. Aliandika mwenyewe, taratibu, kwa mwenyekiti wa mtaa: aitishe mkutano, kila mwenye shimo alifukie, na kisa cha kwanza kusomwa mbele ya watu kiwe chake. Alikunja karatasi, akalamba bahasha, akaifunga kwa kuikandamiza na kiganja.

Balbina aliidaka, akataka kutimua mbio nayo. Sylvester akamshika mkono, wakaipeleka pamoja.