Kijiti cha Orpha

Virgil Toler ni jirani yangu wa ng'ambo ya uzio, na si mtu wa kuongeza chumvi. Jumamosi ile ya Aprili alikunywa kahawa, akala mkate wa mahindi uliolala, akaanza kuvaa suruali yake ya mpira ya kuingilia mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima. Bintiye Nadine, aliyehamia kwake baada ya mazishi ya mama yake, alimzibia mlango.

"Baba, mto Greenbrier umekuwa kama chai ya maziwa. Unakwenda kuvua nini humo?"

"Samaki aina ya besi."

"Hata miguu yako hutaiona."

"Nao besi hawatauona upara wangu. Ngoma droo."

Nadine hakucheka. "Usinizikishe mara mbili mwaka mmoja."

Virgil alisikia, lakini maneno hayakumwingia. Tangu mkewe Orpha afariki, alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa. Hakutaka kufa; ila kuishi nako hakukumshughulisha. Nadine alilijua hilo, na ndilo lililomnyima usingizi.

Mto ukijaa na kuchafuka, besi huhama katikati na kujibanza ukingoni, kwenye mierebi iliyofunikwa na maji. Hawaoni vizuri, lakini wanasikia. Kwa hiyo Virgil alifunga chambo cheusi cha bandia chenye vigololi tumboni, kinacholia kikivutwa. Kisha akakata kijiti, akakichonga alama ya msalaba kwa kisu, akakichomeka pale maji yalipoishia. Wavuvi wa huku wote hufanya hivyo. Maji yakikipita kijiti, mto unapanda, unatoka haraka.

Kazi ya kukitazama ilikuwa ya Orpha. Miaka yote alikaa ukingoni na ufumaji wake, akipiga kelele, "Virgil, kijiti! Toka!" Mara nyingi maji hayakuwa yamepanda hata kidogo. Alikuwa anasikia baridi tu, au njaa, au woga.

Virgil aliingia hadi magotini, akawa anarusha chambo kwenye mierebi. Besi mmoja akanasa. Aligeuka kutazama. Kijiti kilikuwa pembeni mwa maji, kama alivyokiacha. Akanasa mwingine. Akageuka tena. Kijiti bado kiko pembeni mwa maji.

Maji yalimfika kiunoni. Alidhani amesogea penye kina, wala hakujali.

"Maji bado," sauti ilinong'ona nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya Orpha, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Virgil hakushtuka. Hilo ndilo linalonitisha mimi kuliko yote mengine. Anasema alisikia joto kidogo, basi, kama amefunikwa blanketi.

"Sawa, mke wangu," akajibu, akarusha tena.

"Bado, Virgil. Wewe vua tu."

Maji yakafika kifuani. Alitafuta kwa macho jiwe alipoweka chupa yake ya kahawa. Jiwe halikuwepo. Chupa haikuwepo. Kijiti kilikuwepo, wima, pembeni mwa maji. Ila sasa kilikuwa juu kabisa, kwenye njia ya kuelekea garini. Udongo uliokizunguka ulikuwa laini, bila unyayo.

"Bado."

Hapo akili ikamrudia. Orpha hakuwahi kusema bado. Hata siku moja.

Aliachia ufito wake wa kuvulia. Akadaka tawi. Kitu kilimshika kwenye kifundo cha mguu, taratibu, bila nguvu, kama mtu anayekubembeleza ukae kidogo. Virgil akafungua mikanda. Akachomoka. Suruali ikaenda peke yake. Akatambaa ukingoni na soksi tu.

Nyumbani Nadine alimzungushia mataulo, akamwekea maharage ya moto. Hakumgombeza.

"Nimeogopa, mwanangu," Virgil alisema, akaangua kilio. Hakuwa amelia hata kwenye mazishi ya Orpha. Nadine alimkumbatia, akalia naye, na nadhani ilikuwa kwa furaha, maana baba yake alikuwa amerudi.

Alfajiri Virgil alifungua mlango wa chumba chake. Katikati ya korido, kati ya mbao za sakafu, kilisimama kijiti chenye alama ya msalaba. Kutoka mlango wa mbele hadi kwenye kijiti, sakafu ilikuwa imelowa tope. Kutoka kwenye kijiti hadi alipokuwa amesimama, ilikuwa kavu. Mlango wa Nadine ulikuwa upande wa tope.

"Bado," sauti ilinong'ona kutoka jikoni.

"Nadine!" Virgil alipiga kelele kwa sauti ambayo niliisikia hadi kwangu. "Kijiti! Toka!"

Walitoka na nguo za kulalia, na sasa wanaishi mjini. Nyumba imefungwa. Jana nilipitia kuwatazamia bomba, nikachungulia madirishani. Kijiti hakipo tena kwenye korido. Kimesimama kwenye kitanda cha Virgil, juu ya mto wa kulalia, na tope limekifikia.