Chumvi ya Jaa Lililofungwa

Kila Jumamosi alfajiri Ubah aliwakamua mbuzi, akampa nyanya yake Istahil maziwa, kisha akafungua zizi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya sita, na nyumba yao ilikuwa pembezoni mwa mji wa Garsen. Siku nyingine mbuzi walichungwa na baba yake, Warsame. Jumamosi ilikuwa zamu ya Ubah kuwapeleka kulamba chumvi.

Wafugaji wa huko wanajua kwamba mbuzi asiyepata chumvi hukonda na maziwa yake hupungua. Lakini udongo wenye chumvi ulikuwa mbali, mwendo wa saa mbili juani, na Ubah hakuipenda safari hiyo hata kidogo.

Mvua za Novemba zilipoanza, mbuzi walimtoroka wakashuka chini ya kilima chenye nyasi. Kilima hicho kilikuwa jaa la taka la mji. Lilikuwa limefungwa miaka minne iliyopita, likafunikwa udongo, watu wakalisahau. Sasa maji meusi yalikuwa yakichuruzika chini yake, na mbuzi waliyanywa kwa pupa. Ubah alichovya kidole, akaonja. Loo, yalikuwa na chumvi!

"Kumbe chumvi iko hapa hapa, nami najichosha bure!" alijiambia. Akatafuta kivuli, akalala.

Jioni nyanya yake alimuuliza, "Umewafikisha kwenye chumvi?"

"Nimewafikisha, ayeeyo," alijibu, akimwita nyanya kwa Kisomali, lugha ya nyumbani kwao.

Utasema huo ni uongo mdogo. Basi aliurudia Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara ulimtoka kwa urahisi zaidi.

Wiki ya nne mbuzi wawili waliharibu mimba na wengine wakaanza kuharisha. Mbuzi mweupe, ambaye maziwa yake yalikuwa ya Mahad, mdogo wake Ubah wa miezi kumi, hakutaka hata majani.

"Ubah, wamekunywa maji wapi?" Warsame aliuliza.

"Kule kule kwa siku zote, aabo," Ubah alimjibu baba yake.

Warsame alimwamini binti yake. Akawapa mbuzi dawa ya minyoo, akawaonya majirani kwamba udongo wa chumvi umeharibika. Dawa haikusaidia kitu. Siku ya pili mbuzi mmoja alikufa.

Asubuhi iliyofuata Ubah alimkuta nyanya yake akimimina maziwa ya mbuzi mweupe katika kikombe cha Mahad. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Ubah aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Usimpe, ayeeyo! Wallahi usimpe!" alipiga kelele. "Nilidanganya! Niliwanywesha maji ya jaani!"

Istahil aliyamwaga maziwa chini. Warsame naye hakumgombeza. Alimbeba Mahad mbio hadi zahanati, na Ubah alibaki mlangoni akilia, kwa maana angependa zaidi kugombezwa.

Daktari alimpima mtoto, akasema hajadhurika. Mchana Warsame alirudi na Metrine, afisa wa afya ya umma. Wakaenda wote jaani, na huko walimkuta Jairus, mkulima ambaye shamba lake liko chini ya kilima.

"Mboga zangu za upande huu zinanyauka," Jairus alisema. "Nilidhani ni wadudu."

"Si wadudu, mzee," Metrine alijibu. "Taka zilizofukiwa zinaendelea kuoza. Ndani mna betri, rangi na dawa kuukuu. Mvua ikipenya humo, hutoka na uchafu wote, na chumvi ikiwemo. Jaa tulilifunika, lakini hatukuyafikiria maji yake. Kosa hilo ni letu watu wazima."

Jairus alikizunguka kilima polepole. Kama wakulima wote wa kando ya mto, alikuwa amekua akiyaongoza maji ya mafuriko mashambani.

"Tuanzie juu," alisema. "Tukichimba mtaro upande wa juu, maji safi ya mvua yatapita kando. Yasipoingia, hayatatoka."

Kazi ilichukua wiki tatu. Wakulima walichimba mtaro. Kaunti ilileta udongo wa mfinyanzi wa kuziba nyufa, ikachimba shimo lililotandikwa nailoni nzito la kukusanya maji machafu, na gari la kuyanyonya likawa linakuja. Wafugaji walilizungushia jaa uzio wa miiba, na Ubah alivuta matawi mpaka mikono ikachubuka. Vipimo vya maji vilianza kuonyesha nafuu, na mbuzi waliobaki walirudia malisho.

Jioni uzio ulipokamilika, Istahil alimwita mjukuu wake.

"Kuna majirani wanaoogopa udongo wa chumvi kwa sababu yako. Kesho utapita nyumba kwa nyumba, uwaambie ukweli."

"Nyumba zote, ayeeyo? Watanicheka!"

"Wacha wakucheke." Istahil alimketisha karibu naye. "Sikiliza, Ubah. Kuchoka si dhambi. Ungesema umechoka, tungekusaidia. Lakini mbuzi hawezi kusema amekunywa nini. Anayeweza kusema ni mchungaji wake peke yake. Yule wetu alikufa akiwa na dawa isiyo yake tumboni, na wewe ulijua alichokunywa ukanyamaza."

Ubah aliinamisha kichwa. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, alibisha hodi nyumba ya kwanza.