Nywele Kwenye Nyaya za Boti ya Daktari

Nilifika kwenye uwanja wa boti jua likianza kuinama, nimebeba mita ya kupimia umeme, koleo, tochi na dharau yangu yote.

Siyo siri. Wanaonifahamu wananiita Mama Volti, na watakuambia nina mdomo. Nikifungua kazi ya fundi mwingine lazima niicheke kwanza. Ndiyo raha pekee ya kazi hii: umelala kifudifudi kwenye tumbo la boti, pua inakaribia kugusa maji machafu, unamsonya mtu usiyemjua.

Boti yenyewe ilikuwa ya matanga, kuukuu, imepandishwa nchi kavu na kuegemezwa kwa miguu ya chuma. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno aliyestaafu. Alikaa juu karibu na usukani, miguu kwenye sanduku, utadhani mfalme wa nchi isiyo na watu. Boti aliirithi kwa kaka yake mkubwa, aliyefariki miaka sita nyuma.

"Shuka ukaone maajabu, Mama Volti," aliniambia. "Kaka yangu ndiye aliyetandaza hizo nyaya. Mtu hajui hata kufunga tai, akajifanya fundi umeme."

"Nimeshaona wengi wa aina hiyo, Daktari."

"Kama huyu hujamwona. Huyu alikuwa mjinga wa ukoo mzima."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kirefu, cha mtu aliyezoea kuwacheka watu walioachama midomo wasioweza kumjibu.

Kazi ilikuwa kutoa betri nne za asidi zilizochoka na kuweka mbili mpya za kisasa. Lakini betri mpya zina nguvu. Ukizifunga kwenye waya uliooza, boti inawaka moto katikati ya maji, na Daktari alitaka kutoka baharini na mkewe Jumamosi. Kwa hiyo kwanza nikague nyaya zote.

Nikazifungua betri za zamani. Nikazipandisha moja moja kwa kamba na kuziteremsha chini uwanjani. Zote nne. Boti ikabaki haina umeme hata tone.

Kisha nikaanza kucheka. Viungo vimefungwa kwa plasta ya vidonda. Waya wa taa ya mezani umelazimishwa kuendesha pampu. Shaba imegeuka kijani kama ukungu wa mkate. Kila nikikuta kichekesho nampigia Daktari kelele, naye anajibu kutoka juu, "Si nilikwambia?" Tukamsengenya marehemu bila huruma.

Mbele kabisa, nyuma ya kitanda cha pembeni, nikafungua ubao wa mwisho.

Nikajipangusa macho.

Pale kulikuwa na nyaya saba. Zimelazwa sawasawa, zimebanwa kila baada ya shibiri moja, hakuna hata moja iliyopinda. Hiyo haikuwa kazi ya mjinga. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu aliyekuwa anaogopa kukosea.

Na kila kiungo kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi. Nikasogeza tochi.

Haukuwa uzi.

Zilikuwa nywele.

Harufu ikanijia... si ya mafuta, si ya ukungu. Harufu ya wodi. Dawa, shuka lenye jasho, maua yaliyokaa sana kwenye maji.

"Upuuzi," nikasema. Watu wazima na hirizi! Kwa mazoea tu, nikagusisha mita.

Volti kumi na mbili nukta sita.

Nikatazama nje kwa kidirisha. Betri nne zilikuwa chini, kwenye mchanga. Nikatazama mita. Namba ikashuka taratibu... ikapanda... ikashuka. Baada ya muda nikagundua kwamba na mimi nimeanza kuvuta pumzi kwa kuifuata.

"Mita mbovu," nikasema, nikakata waya wa kwanza.

Kap.

Juu, Daktari akakatiza sentensi. "Mguu umekufa ganzi," akasema.

"Umekaa vibaya."

Nikakata wa pili. Kap.

"Na huu mwingine... Ajabu."

Sikutaka kuelewa. Ningeelewa ningekuwa nimejiunga na wale ninaowacheka. Nikakata wa tatu.

"Mama Volti?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jua limezama mara hii? Sioni kitu."

Kwenye kidirisha jua lilikuwa bado la chungwa, limejaa tele.

Ndipo nikasikia. Haikutoka juu. Ilitoka kwenye ubao, karibu na sikio langu. Sauti ya mwanamume aliyechoka sana.

"Unga."

Nikaangusha koleo.

"Usimwambie... Unga."

Nikaunga. Sijawahi kuunga nyaya hivyo. Bila zile nywele mita ilikaa sifuri. Nikizirudisha, namba inaamka. Nilizirudisha zote, unywele kwa unywele, mpaka nikamsikia Daktari akipiga miguu sakafuni na kujiambia ni presha tu.

Nilipanda nikamweleza. Alikuwa bado na jasho usoni, lakini macho yalisharudi na kejeli imesharudi nayo.

"Hata wewe? Mtu wa mita?"

"Daktari, zile saba usiziguse. Nakuomba."

"Nilidhani una akili. Kusanya vyombo vyako."

Kesho yake mchana nikamtafuta mjane wa kaka yake. Ni fundi cherehani, ana chumba kidogo kilichojaa magauni yasiyomalizika. Nilipotaja nywele, akasimamisha mashine.

"Umezikata, mwanangu?"

"Tatu. Nimeziunga tena, mama."

Akashusha pumzi. "Shemeji, huyo Daktari wako, aliwahi kulazwa miezi miwili, mwaka ule ule aliokufa mume wangu. Wakatuita, wakatuambia tujiandae. Mume wangu akachana nywele za mdogo wake pale kitandani, akazitia kwenye bahasha, akaondoka siku tatu. Aliporudi akaingia botini na nyaya mpya. Asubuhi shemeji akafumbua macho, akaomba maji."

"Na mumeo?"

"Alikuja akalala. Hakuamka."

Cherehani ilikuwa imetulia, lakini sindano bado ilikuwa inatetemeka.

"Alikwenda kwa nani, mama?"

"Nilimuuliza usiku ule. Akasema aliyemfundisha hakutaka kitu. Alitaka tu kujua boti inakaa wapi."

"Mbona hukumwambia Daktari?"

"Nilimwambia msibani." Akaokota kitambaa, akakikunja bila sababu. "Alicheka."

Nilikwenda uwanjani nusu mbio. Nimechelewa. Kutoka tumboni mwa boti ilisikika redio ya fundi mwingine aliyeitwa badala yangu, na Daktari alikuwa pale pale juu, anawaelekeza wapaka rangi wanitazame.

"Huyo hapo! Fundi umeme anayeogopa nywele!"

"Daktari, mtoe huyo fundi. Shemeji yako ameniambia..."

"Shemeji yangu naye! Mume mjinga, mke mjinga, na leo wamepata wa tatu."

Wapaka rangi wakacheka. Nikasimama pale chini ya ngazi, masikio yanawaka, na nitasema ukweli: hasira ilinizidi hofu. Niliwaza, basi na akome. Nikageuka nikaondoka.

Sijafika hatua ishirini, kicheko chake kikakatika katikati.

Si kama mtu aliyeamua kunyamaza. Kama swichi.

Redio iliendelea kuimba.

Nilirudi mbio, nikapanda ngazi. Alikuwa amekaa wima, miguu kwenye sanduku, macho wazi yakitazama mlingoti. Nikamshika shingoni. Ngozi ilikuwa baridi kabisa, baridi ya mtu aliyekufa zamani. Ya miaka sita, nikafikiri, na nikatamani nisingefikiri.

Yule fundi mpya akatoa kichwa kutoka chini. Kijitu kinene, masikio yamejaa vumbi. Mkononi alishika tita la nyaya zilizokatwa.

"Mzee amelala?" akauliza. "Mwambie saba zote nimezikata kwa mkupuo mmoja. Imebaki moja tu, sijui inakwenda wapi."

"Zilikuwa saba," nikasema.

"Nane, dada. Njoo uone. Tena hii ni mpya kabisa."

Nikashuka. Nyuma ya kitanda, kwenye ubao mtupu, waya mmoja ulikuwa umelazwa sawasawa, umebanwa kila baada ya shibiri, na mwisho wake umezama kwenye mbao. Nikagusisha mita. Namba ikapanda. Ikashuka.

Kiungo kilikuwa kimezungushiwa nywele. Za kahawia, na nyeupe kwenye shina. Ni rangi ninayopaka kila mwezi kuficha mvi. Nikamkumbuka yule aliyetaka tu kujua boti inakaa wapi.

"Nimalizie?" yule fundi akauliza, akafungua koleo.

Nikamkamata mkono kwa mikono yangu yote miwili.